Harusi Tuliyoitazama kwa Betri ya Gari

Mdogo wangu aliolewa ng'ambo ya mpaka wakati ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuvuka. Kutoka uani kwetu, hapa Rubavu, Rwanda, mabati ya Goma, Kongo, yanaonekana, na siku isiyo na ukungu unaona hata moshi wa mtu anayechoma takataka kule. Mdogo wangu alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya huko. Alikuwa akivuka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengi wa mji huu, mpaka ugonjwa ulipofika na vizuizi vikashushwa. Siku hiyo alikuwa zamu. Alilala kwa shangazi yetu akidhani ni kwa wiki moja, akakaa miezi.

Mchumba wake alikuwa mwalimu wa huko huko. Posa ilikuwa imeshapokelewa hapa nyumbani kabla ya mambo hayo yote, watu wakala na kunywa na kupanga siku. Siku hiyo ikafika mpaka ukiwa umefungwa, wakaisogeza. Wakaisogeza tena. Mara ya tatu mdogo wangu alimpigia mama simu akamwambia kwamba mchungaji wao amesema watafunga ndoa na watu wachache tu kanisani, na kwamba yeye amekubali. Mama aliweka simu mapajani. Kisha akaniuliza, "Kanisa yao iko karibu na ile barabara ya kiwanja ya ndege, ama?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Naijua. Kwa miguu si mbali."

Mama wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Angefanyiwa upasuaji mwaka ule, lakini hospitali zilikuwa na kazi nyingine. Alitambua watu kwa sauti na kwa mwendo. Kwenye simu, watu walipompigia kwa video, aliona doa la mwanga tu na kujibu kwa adabu, "Ndiyo, nakuona." Kwa hiyo nilipanga kutumia televisheni. Ningeiunganisha na kompyuta yangu ya kazini, kompyuta ipate mtandao kutoka kwenye simu yangu, na binamu wa bwana harusi asimame kanisani ameshika simu yake mbele. Mama akikaa karibu na kioo kikubwa angeweza kuona sura. Tulijaribu siku ya Jumatano na binamu huyo, tukamwona vizuri mpaka chunusi zake. Mama akacheka, akasema huyu kijana aoshe uso.

Ijumaa alasiri ukaja upepo na mvua kutoka ziwani. Mkaratusi mmoja ulianguka juu ya nyaya za umeme chini ya mtaa wetu, ukang'oa na nguzo. Baba alikwenda kuwauliza mafundi waliokuwa wakikata matawi, akarudi na viatu vimejaa matope.

"Wanasema kesho jioni," alisema. "Ao Jumapili."

Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kompyuta yangu ilikuwa imechakaa, ukiichomoa tu kwenye umeme inazimika hapo hapo. Jumamosi tulikunywa chai, na mama, bila kuulizwa, akasema, "Bon. Nitasikiliza tu. Hata redio watu wanasikiliza." Aliyasema kwa upole, akamenya kiazi chake, akakila. Alikuwa tayari amevaa mushanana wake, vazi la sherehe, lile la rangi ya zabibu, na mkufu. Sikuweza kumtazama. Nikatazama nje, na kule nje, chini ya turubai, kulikuwa na gari la baba.

Baba alifuata macho yangu. "Hapana," alisema.

Lazima nieleze habari ya gari hilo. Baba alikuwa karani wa serikali miaka mingi, na alipostaafu alinunua Carina ya zamani, ya gia za mkono, nyeupe. Hakuwa amewahi kumiliki gari. Aliliosha kwa kitambaa ambacho hakiruhusiwi kugusa kitu kingine. Tulipofungiwa ndani alikuwa akiliwasha kila Jumamosi, analiacha lingurume kidogo, analizima na kulifunika tena kama mtoto aliyelala.

"Gari haiko jenereta," alisema. "Iko ya kutembea."

Wakati huo huo jirani yetu akaingia. Huyu ni mama anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na mumewe ni mvuvi. Alikuja kumpongeza mama kwa siku ya mwanawe, barakoa ikiwa imeshuka kidevuni, na alipokuta nyuso zetu akauliza kuna nini. Nilimweleza.

"Mana we!" alisema. "Si mungekuja kuniambia? Iko konvertisa kwangu. Bwana yangu aliinunua juu ya kuchaji simu za wavuvi. Unaichomeka mu gari, inakupa umeme kama ule wa nyumba."

"Gari yangu haichomekwi kitu," baba alisema.

"Papa, tangu ugonjwa ije gari yako haijatembea. Inangoja nini?"

Baba alisimama akatoka. Tulidhani amekasirika. Kupitia dirishani nilimwona akifungua kamba za turubai moja moja, akilikunja, akiliweka ukutani juu ya mawe meusi. Akaingia garini, akakaa bila kufanya lolote. Alipotoka alikuja mpaka mlangoni na kumwuliza mama, si mimi, "Harusi ni saa ine kamili?"

"Saa ine."

"Bon. Tuna wakati."

Konvertisa ilikuwa kisanduku cha bati chenye feni ndogo. Kazi yake ni kuchukua umeme mdogo wa betri ya gari na kuufanya umeme wa kuendeshea vitu vya nyumbani. Jirani alikuwa ameitumia kuchaji simu tu, akiichomeka katika kile kitundu cha kuwashia sigara ndani ya teksi ya shemeji yake. Tukafanya hivyo hivyo. Nikachomeka televisheni, nikachomeka kompyuta. Taa nyekundu ya televisheni ikawaka, kioo kikaanza kung'aa, mama akapiga makofi. Kisha ikasikika pap! ndogo kama punje ya mahindi, na kila kitu kikazimika.

"Umeniulia gari!" baba alimwambia jirani.

"Mi sijaua kitu! Washa kwanza."

Akawasha. Gari likanguruma. Kilichokufa ni fyuzi ya kile kitundu peke yake. Baba alipumua. Alikwenda nyuma ya televisheni, akasoma maandishi madogo, akasoma na ya chaja ya kompyuta, akajumlisha kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Nadhani hilo vumbi halijawahi kukaa pale kwa ruhusa yake isipokuwa siku hiyo.

"Hii tundu ni ya kuwasha sigara," alisema. "Televizyo na ordinateri ni nyingi kwake. Tutafunga kwa batri yenyewe."

Jirani akakumbuka kwamba konvertisa ilikuja na nyaya nyingine mbili zenye vibanio, ambazo mumewe alizitumia kufungia lango la banda la kuku. Alikimbia kuzichukua. Kuku wake walikuja pamoja naye, wakatembea uani kwetu siku nzima. Baba alizisafisha kwa msasa, akabana nyekundu kwenye ncha ya kujumlisha na nyeusi kwenye ya kutoa, polepole, kama mtu anayemvika mtoto hereni. Alituelewesha kwamba nyaya za upande wa betri ziwe nene na fupi, ndiyo sababu kisanduku lazima kikae karibu na gari. Upande wa televisheni waya unaweza kwenda mbali. Basi nikaenda kuazima ralonje ya kanisa letu, ule waya mrefu wa kurefushia umeme wa vipaza sauti. Ulifika mpaka barazani lakini haukufika sebuleni. Tukatoa televisheni nje, tukaiweka juu ya stuli, na jirani akatundika kitenge kuzuia jua.

Hili lingekuwa jambo la furaha tupu kama si kelele. Betri ya baba ilikuwa ya zamani, na alisema haiwezi kubeba mzigo ule bila injini kuwaka. Akaligeuza gari, bomba la moshi likatazama ukuta na pua ikatazama geti, akalisogeza mpaka mwisho wa ralonje. Hata hivyo Carina ile ilikuwa na sauti yake. Ili umsikie mtu barazani ilibidi umtazame mdomo, na mama hakuweza kutazama midomo.

Saa nne binamu akapiga. Kioo kikajaa kanisa: madawati yenye watu wawili wawili, barakoa za rangi zote, maua ya karatasi. Mama alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa stuli. Akainamisha kichwa upande, kwa sababu pembeni mwa macho ndiko alikobakiza nuru.

"Njo yeye ule mweupe?"

"Ule ni ukuta, mama. Ngoja. Sasa, huyu anayeingia."

Mdogo wangu aliingia ameshikwa mkono na mume wa shangazi. Mama alitazama muda mrefu.

"Amekonda."

"Hajakonda. Ni ile gauni."

"Amekonda," alisema mama, na machozi yakamtoka bila sauti, akiwa anatabasamu.

Baba hakuwa nasi. Alisimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya boneti, akisikiliza injini kama daktari. Kutoka pale aliona televisheni kwa ubavu tu. Nilimwita kwa mkono, akatikisa kichwa. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, na koti lake lilining'inia kwenye msumari wa baraza.

Ibada iliendelea. Nyimbo tulizisikia nusu nusu. Kisha mchungaji akamgeukia binamu, yaani akatugeukia sisi, akainua mkono. "Wazazi wa bibi harusi wanatusikia?" Nilifungua kipaza sauti cha kompyuta ili tujibu, na mngurumo wa Carina ukaingia kanisani kupitia spika zao. Niliona watu wote wakigeuka. Mtoto mmoja akaziba masikio.

"Wazazi," mchungaji aliuliza, "muko safarini?"

Kanisa likacheka. Baba alisikia. Alinitazama, akatazama gari, akamtazama mama aliyekuwa akipangusa uso kwa ncha ya mushanana. Alijua hali ya ile betri kuliko mtu yeyote. Akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mkubwa hata tukasikia feni ya konvertisa na kuku wakiparua. Baba alikuja barazani, akavaa koti, akafunga vifungo. Akasimama nyuma ya kiti cha mama, wima, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mwanangu," alisema, "ni papa yako." Akakohoa. "Niko hapa karibu. Hata mabati ya mutaa yenu ninaona. Sikuweza kuja kukushika mukono, lakini huyu aliyekushika ni mutu muzuri, ninamushukuru." Kisha akamwambia bwana harusi, "Nawe, mwanangu. Sina maneno mengi. Nyumba yetu iko wazi kwenu. Mukiwa na furaha mutuambie, mukiwa na shida mutuambie pia, musifiche." Akaweka mkono begani kwa mama.

Mdogo wangu kule alikuwa ameinamisha uso. Mchungaji akaendelea na viapo, na kwa mara ya kwanza tulisikia kila neno. Niliisikia sauti ya mdogo wangu ikisema jina lake lote, ile sauti aliyokuwa nayo tangu utotoni akisoma ubaoni, ya mtu asiyetaka kukosea. Bwana harusi aliharakisha maneno mpaka akaombwa arudie. Jirani yetu alishika mdomo, akasema kwa huruma, "Yoo, disi!"

Baada ya viapo mchungaji alimwomba mama aombe. Mama alisimama. Alifumba macho, akakunjua viganja, akaanza. Ndipo konvertisa ikaanza kulia kule garini. Tii. Tii. Tii. Ilikuwa inatuonya kwamba betri inakwisha.

Baba alitoka barazani bila kukimbia, kwa heshima ya sala, lakini kwa hatua ndefu sana. Akazungusha ufunguo. Ikasikika tk. Akazungusha tena. Tk. Mama alikuwa amefika kwenye wazee waliotangulia, akitaja jinsi walivyoishi kule Masisi, Kongo, kabla hatujarudi Rwanda, akimshukuru Mungu kwa kila bonde. Nyuma yangu kisanduku kikalia mfululizo, televisheni ikapiga mstari mweupe, ikawa nyeusi. Kompyuta ikafuata.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Jirani alinitazama, mimi nikamtazama baba, baba akatazama chini. Mama aliendelea. Aliwaombea watoto, akawaombea mvua ya kiasi na majirani wema, akaomba mpaka huu wetu ufunguliwe. Aliposema amina sisi watatu tukaitikia kwa nguvu ili ionekane tuko wengi. Akafumbua macho.

"Wamekwenda wapi?"

"Batri imeisha, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," nikasema.

Baba alikuwa ameshachomoa vibanio na kufunga boneti. "Sukumeni!" alipaza sauti. "Njooni, sukumeni!" Nilikuwa nikimpigia binamu simu ya kawaida ili wasituache. Nikampa mama simu hiyo ikiwa bado inaita, nikakimbia. Jirani akafunga kitenge chake vizuri, akaweka mabega nyuma ya gari. Wanaume wawili waliokuwa wakipita na magunia ya viazi kutoka Bugeshi wakayatua chini, wakaja bila kuuliza. Barabara yetu inashuka kuelekea ziwani, mawe tupu. Gari likatoka getini, likaanza kukimbia, baba akaachia klachi, likaruka kama lililopigwa kofi, likawaka. Wanaume wakashangilia. Lakini baba hakuweza kusimama kwenye mteremko ule. Tulimwona akipotea kwenye kona, tai ikipepea dirishani.

"Anaenda wapi?" aliuliza mmoja wa wanaume.

"Anazunguka," nikasema, ingawa sikuwa na uhakika.

Alirudi kwa barabara ya juu, ya kanisa letu, akipiga honi, jambo ambalo hakuwa analifanya kamwe. Tukafunga vibanio tena, injini ikiunguruma, na mara hii hakuna aliyejali kelele. Kioo kilipowaka pete zilikuwa zimeshavalishwa na watu walikuwa wakiimba. Wale wanaume wawili walisimama getini wakatazama pia. Mama alikuwa bado na simu sikioni, ingawa binamu hakuwa ameipokea.

"Mwambie alete mukono," aliniambia.

Nilimwandikia binamu ujumbe kwenye kompyuta. Mdogo wangu akaja mbele ya simu, akaishusha barakoa, akainua mkono. Aliusogeza karibu mno, kioo kizima kikawa kidole kimoja na pete. Mama aliinamisha kichwa upande. Alinyoosha mkono, akagusa kioo palipokuwa na pete.

"Sasa naona," alisema.

Mchana tulikula sambaza alizokaanga jirani, pamoja na viazi walivyotuachia wale wanaume kama zawadi ya harusi. Baba alikula amesimama, kila mara akienda kuchungulia boneti. Umeme ulirudi Jumapili watu wakiwa kanisani. Betri haikupona. Alipobadilisha, fundi akamwambia angeitupa tangu zamani, na baba akamjibu kwamba imefanya kazi kubwa kuliko umri wake.

Mpaka ulipofunguliwa kwa watu wa kawaida, mama alikuwa ameshapasuliwa jicho moja. Mdogo wangu alikuja na mumewe, na tumbo lake likiwa limeanza kuonekana. Tulikaa barazani mpaka jua likageuka, tukamsimulia habari ya gari, nyaya na kuku. Ndipo na yeye akatusimulia ya upande wake, ambayo hatukuyajua. Betri ilipokata, picha yetu kwao haikuzimika. Iliganda. Kanisa zima lilimwona mama amefumba macho, viganja wazi, mdomo umefunguka kidogo, ametulia. Walidhani anaomba kimoyomoyo. Mchungaji akainamisha kichwa, na wote wakainamisha, wakangoja. Walingoja sana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema amina.

"Mi nilijua analia," mdogo wangu alisema. "Nikaanza kulia na mimi. Watu wote wakalia. Kumbe mulikuwa munasukuma gari!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mi nilikuwa naomba kweli," alisema. "Ni nyinyi mulikuwa munasukuma."

Alasiri tuliwasindikiza mpaka kwenye kizuizi cha mpakani, kabla ya saa ya kufunga. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na mabeseni yao, wanafunzi, watu wenye baiskeli. Mkwe wetu alishika mfuko wa karoti ambao mama alisisitiza wabebe. Walipopita upande wa pili waligeuka wakapunga mkono, na mama, kwa jicho lake moja zima, aliwafuata mpaka walipochanganyika na watu wengine. Kisha akamwambia baba tupitie sokoni, kwa sababu nyumbani chumvi imekwisha.